Siku Dani Alipoongeza Makaa

Ilianza Ijumaa, saa tisa na robo alasiri, kwa harufu ya maziwa yaliyofurika na kuungulia jikoni. Saa naikumbuka kwa sababu nilikuwa nimekaa chini ya saa ya ukutani nikipiga viatu vya kanisani brashi, na katika nyumba ile, siku ya Ijumaa, kila mtu aliishi kwa kuitazama hiyo saa. Mpaka leo, nikiwa kidato cha tatu, maziwa yakiungua jikoni shuleni naacha sahani yangu mezani na kutoka nje. Wenzangu hudhani najidai. Sijawahi kuwaeleza. Mimi si mtu wa kuongea, ndiyo maana naandika, na wewe unayesoma haya ndiwe wa kwanza kuambiwa.

Nilikuwa na miaka minane. Nyumbani kwetu ni Migori mjini, lakini likizo ile ya Aprili tulikuwa tumekuja Kendu Bay kwa Dani. Dani ni nyanya yangu, mama yake Baba. Kwa Dholuo, lugha yetu Waluo, ndivyo tunavyomwita nyanya. Mama alikuwa na mimba ya ndugu yangu. Kwanza miguu yake ilivimba mpaka kandambili zikamkataa, kisha uso ukajaa kama mtu aliyelia usiku kucha, kisha asubuhi moja akashika ukuta na kusema kichwa kinapasuka na macho yanaona vimulimuli. Baba akamkimbiza hospitalini Homa Bay na akabaki naye huko. Mimi nikaachwa na Dani.

Dani nilimwogopa. Hakuwahi kunichapa hata mara moja, lakini alikuwa mtu wa sheria, na sheria zake hazikuwa na mlango wa nyuma. Ni Msabato tangu azaliwe. Ijumaa kwake ilikuwa siku ya maandalio: nyumba inafagiliwa, maji yanachotwa, nguo zinapigwa pasi, chakula cha kesho kinapikwa leo. Jua likianza kuinamia milima ya Homa, Dani alichukua koleo, akazika makaa ndani ya jivu, na hapakupikwa kitu tena mpaka Jumamosi jua lizame. “Moto ulale kabla ya jua,” ndivyo alivyosema kila Ijumaa, kwa sauti ileile ya mtu anayefunga lango. Kuna wiki moja maharagwe yalikuwa bado hayajaiva. Moto ukalala vilevile. Kesho yake tulikula maharagwe yanayolia mdomoni kama kokoto, na Dani alitafuna ametulia tuli kana kwamba ndivyo yalivyokusudiwa.

Mama ni Mkuria. Dani hajui Kikuria, na Dholuo ya Mama ni ya kubahatisha, kwa hiyo wao wawili walisemezana kwa Kiswahili, na Kiswahili chenyewe kilikaa kati yao kama meza ya ofisi, kila mmoja upande wake. Dani alimwita nyar Kuria, yaani binti wa Wakuria. Si tusi, huko wake za watu huitwa kwa walikotoka. Lakini nilipokuwa mdogo nililisikia jina hilo kama la mgeni ambaye bado hajaambiwa akae.

Kabla ya kuolewa, Mama alikuwa mpishi katika nyumba ya wageni kisiwani Takawiri. Huko ndiko alikojifunza kutengeneza waffle, ambazo sisi nyumbani tunaziita wafo tu. Nyumba ile ilipofungwa, alipewa chuma chao cha kuchomea: kipande kizito cheusi chenye mikono miwili mirefu, kinachofunguka kama kitabu, na ndani yake kurasa zote mbili zimejaa miraba. Unamimina uji wa unga, unakifunga, unakilaza juu ya makaa, unakigeuza. Migori tulikula wafo kila Jumapili, zikiwa na nanasi juu, na juu ya nanasi malai aliyoyapiga mpaka yakasimama. Safari ile alikibeba chuma chake mpaka Kendu Bay ili ampikie mama mkwe. Dani aliipokea wafo kwa mikono miwili, akaigeuza, akaitazama chini na juu.

“Hii mkate imekanyagwa na trekta,” akasema, akanisukumia mimi sahani.

Mama alicheka. Lakini chuma kilirudi chini ya kitanda na hakikutoka tena.

Hadi Ijumaa hiyo. Simu ilipolia Dani alikuwa anachemsha maziwa. Hakujua kuweka simu sikioni. Aliishika mbali na uso wake kama kiazi cha moto, na Baba alisikika nyumba nzima. Alisema Mama hajala tangu juzi. Kila anachopewa anakirudisha. Daktari anasema lazima ale, presha bado iko juu, mtoto bado hajafika wakati wa kutoka. Kisha sauti ya Baba ikashuka, nikasimama na kiatu mkononi ili nisikie.

“Nimemwuliza anatamani nini, Mama,” akamwambia Dani. “Anasema wafo zake. Na nanasi. Na malai.”

Hapo ndipo maziwa yalipofurika. Dani hakugeuka. Yaliteremka ubavuni mwa sufuria, yakaingia kwenye makaa yakilia, na ile harufu ikaingia chumbani ikanikuta nimesimama.

Sasa nikueleze kilichonitisha, maana kwa mtu mwingine habari hiyo ilikuwa njema. Mgonjwa ametamani chakula, ashukuriwe Mungu. Lakini mwaka uliotangulia Babu alilala katika chumba cha ndani cha nyumba ileile, akiwa amekonda hata saa yake ya mkononi ikafungwa kwa uzi isianguke. Jumamosi moja, jua lilipokwisha kuzama, Dani aliwasha moto akapika ngege, yule samaki wa ziwani mwenye mapezi makali, kwa nyanya na kitunguu. Niliambiwa ni Babu mwenyewe aliyeomba. Nilisimama mlangoni nikimtazama. Alifumba macho. Alilamba mchuzi vidoleni, kimoja baada ya kingine, na akasema jambo kwa Dholuo ambalo lilimfanya Dani aangalie pembeni. Nilifurahi sana, nilijua amepona. Asubuhi hakuamka. Na matangani, wanawake waliokuwa wakimenya viazi walisema, bila kujua niko nyuma ya pipa la maji, kwamba mzee aliomba samaki wake, akala, akaaga.

Kichwa changu cha miaka minane kiliyaunganisha hayo. Mgonjwa hukataa chakula akiwa bado yupo. Siku akiomba kile anachokipenda, na akipewa, na akila, basi anaondoka. Na sasa Mama alikuwa ameomba wafo.

Dani alikata simu, akasimama akitazama makaa yaliyolowa maziwa. Kisha akaniuliza, bila kunitazama, kama ile chuma ya mama yangu najua kuitumia. Nilitikisa kichwa kukubali. Hadi leo sijui kwa nini sikukataa. Nadhani kwa Dani hata uongo uliogopa kutoka.

“Basi toa.”

Nilitambaa chini ya kitanda. Kule ndani, kwenye vumbi na masanduku, nikapata wazo, na lilinijia kama mtu aliyeninong'oneza. Jua. Nikichelewa vya kutosha jua litazama, na jua likizama moto utalala, na moto ukilala hapatakuwa na wafo. Mama hatakula. Mama hatakufa. Sheria ya Dani ambayo siku zote iliniogopesha, leo ingenisaidia.

Nilichelewa, wewe unayesoma. Nilikaa chini ya kitanda mpaka akaniita. Nilikiosha chuma, nikakikausha, nikakiosha tena. Nilitumwa mayai kwenye kiota cha kuku, nikayaleta moja moja, kila yai na safari yake. Dani alipoketi na bakuli nikamwonyesha kama Mama alivyonionyesha: kiini huku, ute huku, ute unapigwa kwa uma mpaka uwe povu jeupe linalosimama, ndilo linaloinua wafo. Nilipiga kwa mkono mlegevu, nikisema ndani ya tumbo langu, usisimame, usisimame. Dani alinitazama kidogo, akaninyang'anya uma. Mkono wa mtu aliyesonga ugali wa matanga tangu ujana wake. Povu lilisimama kabla sijapumua.

Nanasi nalo. Nilitoa macho yake kwa ncha ya kisu, jicho moja kwa wakati, mpaka maji yake matamu yakanichuruzika kwenye viwiko na nyuki mmoja akaja kunisalimia. Kupitia mlango niliona jua likishuka. Ndani ya maisha yangu sijawahi kulisukuma jua vile. Nilienda chooni mara nyingi hata Dani akauliza kama ni nanasi ninakula.

Kisha akafanya jambo lililonishtua. Alifungua kabati na kutoa lile bakuli la udongo ambalo hakuna aliyeruhusiwa kuligusa. Humo ndimo alimoengulia malai ya maziwa ya kila siku, akiyakusanya wiki nzima ili apate samli. Samli ya Dani ilikuwa na wenyewe: mchungaji, mjane fulani, mgeni wa heshima. Aliyamimina malai yote kwenye sufuria ndogo, hadi akafuta bakuli kwa kidole, akayaweka ndani ya beseni la maji ya mtungi yapoe.

“Haya yanapigwaje?” akauliza.

“Na sukari,” nikasema. “Mpaka yasimame.”

“Vitu vya mama yako vyote vinasimama,” akasema Dani, na siku nyingine yoyote ningecheka.

Wafo ya kwanza iling'ang'ania chumani ikatoka vipande vipande, na moyo wangu ukaruka kwa furaha. Dani alisema hiyo ni ya kuku. Akapaka mafuta vizuri zaidi. Ya pili ilitoka na rangi ya mchanga uliolowa, miraba yake imenyooka, na ile harufu ya Jumapili za Migori ikajaa jikoni: yai, siagi, sukari inayoanza kuungua pembeni. Nilitamani kulia. Lakini nilitazama nje, na nikaona kilima kimeshalishika jua. Kwenye kitambaa palikuwa na wafo moja tu. Bakuli lilikuwa bado limejaa. Nikajiambia, moja si kitu. Dani hatasafirisha wafo moja.

Dani aliinuka akaenda mlangoni. Alisimama pale mikono kiunoni, na mwanga mwekundu ukampita pande zote mbili. Nilisikia ng'ombe wa majirani wakirudi. Nilisikia, kwa mbali, watu wa nyumba ya pili wakianza wimbo wa kuikaribisha Sabato. Mwanga ukapungua, ukawa wa zambarau, ukazimika. Dani akarudi ndani. Akachukua koleo. Nilifumba macho kwa shukrani.

Nilisikia mlio wa makaa. Lakini si ule mlio laini wa kuzikwa kwenye jivu. Nikafumbua macho. Dani alikuwa ameinama juu ya gunia, na alikuwa anaongeza makaa.

Nitakwambiaje nilivyoogopa? Radi haijawahi kunitisha hivyo, wala nyoka, wala siku ile niliyopotea sokoni Ndhiwa. Kama Dani, ambaye alitutafunisha kokoto kwa ajili ya jua, sasa analiacha jua liende na kuendelea kupika, basi kulikuwa na jambo kubwa kuliko Sabato jikoni mle. Na jambo kubwa kuliko Sabato, kwa ninavyojua mimi, lilikuwa moja tu.

“Dani,” nikasema, na sauti yangu ikatoka kama ya panya. “Jua limezama.”

“Nimeiona.”

“Moto—”

“Mimina, nyakwara,” akasema. Nyakwara maana yake ni mjukuu wangu. Alilisema taratibu mno. “Mimina kabla chuma haijapoa.”

Nilimimina. Nini tena? Nilimimina na yeye akageuza, mimi nikamimina na yeye akageuza, na machozi yangu yaliyoangukia chumani yalifanya ss, ss. Watu wa nyumba ya pili walikuwa wamefika ubeti wa mwisho. Dani akaanza wimbo uleule, peke yake, kwa sauti ya chini, mikono yake ikiwa na unga hadi kwenye viwiko. Alikuwa na sauti iliyoongoza kwaya ya kina mama. Jioni hiyo ilimkatikia katikati ya mstari, akasubiri kidogo, kisha akaendelea kutoka mahali pengine. Uso wake wote ulikuwa unang'aa jasho. Sikumwona kama mtu anayepika. Nilimwona kama mtu anayekimbizwa.

Tulifunga wafo kwenye kitambaa cheupe kilichopigwa pasi, kile kilichokuwa cha mkate wa meza ya Bwana. Nanasi likaingia kwenye kopo, malai kwenye chupa, na chupa ikazamishwa mtungini. Usiku sikulala vizuri. Nilisikia kitanda cha Dani nacho kikilia kila alipogeuka.

Kuna kitu nilikuja kukijua baadaye sana, na acha nikiweke hapa, mahali pake. Likizo iliyopita nilikuwa nachambua omena, wale dagaa wa ziwani, na Dani kibarazani. Sasa amezeeka, anaona kwa jicho moja. Ghafla nikamwambia niliyoyafikiri siku ile kuhusu Babu na ngege. Nilidhani atacheka. Aliendelea kuchambua kwa muda mrefu, akitupa vijiti upande huu, mawe madogo upande ule.

“Babu yako aliomba Ijumaa,” akasema. “Jua ilikuwa inaingia. Nikamwambia, ngoja mpaka kesho, Sabato iishe.” Akapuliza vumbi kwenye ungo. “Ijumaa angeweza kula samaki mzima. Jumamosi usiku alilamba mchuzi tu. Akaniambia, umechelewa lakini ni tamu.”

Ndilo neno lile alilosema Babu kwa Dholuo, ambalo mimi, mlangoni, nililiona kuwa la furaha. Nilikuwa nimemwona mtu akila na kuaga, kumbe niliona mtu aliyengojeshwa. Na jioni ile ya wafo, mimi nilipokuwa navuta muda kwa kila jicho la nanasi, Dani alikuwa anashindana na jua lilelile kutoka upande wa pili, akiwa na hofu ambayo pengine ilizidi yangu, kwa sababu yeye alikuwa ameshaijua gharama yake.

Lakini asubuhi ile sikujua lolote kati ya haya. Nilijua tu kwamba kikapu kimebeba kifo cha Mama, na kwamba kinanukia vizuri.

Tulivaa nguo za kanisani. Umande ulilowesha viatu nilivyovipiga brashi. Tulipofika njia panda Dani hakukata kulia kuelekea kanisani. Alinyoosha mpaka barabara ya Homa Bay, huku wenzake wa kwaya wakituona. Mmoja akamtakia Sabato njema na kumwuliza kulikoni na kikapu. Dani alijibu kwamba anampelekea binti yake chakula. Nikamtazama. Dani hana binti.

Hospitalini, Mama alikuwa ameinuliwa kwa mito miwili. Uso wake ulikuwa umejaa hata tabasamu halikupata nafasi ya kukaa vizuri. Baba alikuwa amesimama kando ya dirisha na shati la juzi. Dani hakusalimia sana. Alikunjua kitambaa magotini mwa Mama, akaweka wafo, akapanga vipande vya nanasi kimoja kwa kila mraba kama mtu apandaye mahindi, akamwaga malai juu.

“Kula, nyathina,” akasema. Mtoto wangu. Sikuwahi kumsikia akimwita hivyo.

Mama aling'ata. Akatafuna polepole, akameza. Haikurudi. Kisha akafumba macho, vilevile kama Babu, na akalamba malai kwenye kidole gumba.

Hapo miguu yangu ikatembea yenyewe. Mimi ambaye sikuwahi kuomba kitu mbele ya watu, nilikwenda mpaka kitandani nikashika ukingo wa wafo iliyokuwa mkononi mwake. Nilifikiri hivi: kama ikigawanywa, huenda isimtoshe mtu yeyote kuaga.

“Nipe nusu,” nikasema.

Baba akanikemea, akauliza tangu lini namnyang'anya mgonjwa chakula mdomoni, mbona nyumbani kulikuwa na zingine. Mama akacheka, cheko dogo lenye kikohozi, akaimega, akanipa. Nilijaza mdomo. Nilitafuna haraka huku namtazama yeye asinizidi.

Na Dani, ambaye hakuwahi kuonja mkate uliokanyagwa na trekta, akanyoosha mkono wake juu ya bega langu. Akavunja pembe ya kipande cha Mama. Akaila akiwa amesimama, bila malai, bila nanasi, akimtazama Mama usoni. Baba aliacha kunikemea.

Tuliila watatu. Ilipokwisha, nilipanda kitandani nikaokota makombo kwenye shuka, moja moja, na kuyala yote, nisimwachie Mama hata moja.